Jina Lako ku Afishi

Butembo, 14/8/2001

Yaya Timothée,

Mama anakusalimia, maharagi yetu imekomaa. Kwa ile sale, nyumba ndogo ya muziki, afishi yenye kubandikwa ukutani inasema: samedi, jumamosi hii, saa tisa, Timothée na gitare yake. Tangu basoda, baaskari, bakukamate kule Kayna, sasa miaka mbili, tulikulilia kama mufu. Nikakimbia kwenye répétition, pale banajizoeza kuimba. Nilikuta mutu mwingine anaimba wimbo wako, na gitare yako mukononi.

"Timothée iko wapi?" nikamuuliza.

"Alinipa gitare na jina," akasema. "Alisema mutanipokea."

"Ulimuacha muzima?"

Akainama, akakaza nyuzi za gitare.

Sielewe, yaya. Mama ameisha kushonesha kikwembe cha kuja kukusikiliza. Barua hii ninamupa yule mutu, akufikishie kama anajua kwenye uko. Kama uko muzima, unijibu mbele ya samedi.

Mudogo wako,
Keren