Batayo Isiyokuwa na Wafu

Jumatatu, 5/3/2001
Asubuhi ukungu mzito, baridi. Ng'ambo ya bonde haionekani. Nimefika ofisini saa mbili kasoro robo na Komanda Manassé alikuwa amekwisha kufika — ajabu ya kwanza. Ya pili: alikuwa anasoma! Gazeti la zamani la Kifaransa lenye picha za maparakomando wa Kizungu, vita vya Indochine na Algérie, wanashuka toka angani. Batayo yetu, batalioni nzima, nayo inaitwa ya élite, ya askari bora. Ilishuka toka Musienene, juu ya lori la maharagwe.
Jumamosi wageni wakubwa wa mouvement, wakuu wa uasi wetu, wanakuja toka Beni. Anataka "historia ya batayo", yenye mapigano. Nimeuliza mapigano gani. Akaniangalia kwa huruma. "Secrétaire, weye ulisoma. Tafuta."
Walipochukua mashini ya kuandika ya kanisa walinichukua nami, kama utepe wake.

Jumanne, 6/3
Mvua tangu alfajiri. Nimetunga mapigano matatu. Moja ni kweli nusu: adui alikuwa ameondoka jana yake.
Komanda hakufurahi. Akaweka kidole juu ya gazeti. "Angalia! Paras ya bazungu, bafu mia ine kwa siku moja. Siye tuko na ngapi?"
Mfu mmoja, mon commandant. Wa malaria.
"Batayo yenye haina bafu, ile hapana élite. Ile ni kwaya! Nitafutie kumi na mbili. Majina, na fasi balizikwa."
Nimepata wazo, naliandika polepole. Liste ya apeli, ya kuita majina ya askari kila asubuhi, naipiga mimi pia. Aliyekufa anafutwa kwenye apeli. Aliyefutwa hatafutwi na mtu. Na mdogo wangu Sadrack yuko kwenye barieri ya Kirumba, kizuizi cha barabarani, tangu mwezi wa kwanza. Walimkamata sokoni Musienene na viazi vyake. Viazi vililiwa, yeye akapewa bunduki. Anayetoroka anapigwa risasi mbele ya wenzake — wiki mbili zilizopita nimeipiga ripoti ya mmoja.

Jumatano, 7/3
Jua kidogo. Nimefanya.
Pigano la nne: Kirumba. Askari wanne walishika barieri mpaka risasi ya mwisho. Wa nne: Kamate Sadrack. Mahali walipozikwa: palepale, kando ya barabara. Wale watatu wengine walikwisha kurudi kwao kulima, hawatabisha. Wanane waliobaki wa liste hawajazaliwa.
Komanda amesoma, akafuta chozi. Kweli kabisa!
Nimempa dereva wa lori barua ya kumpelekea Sadrack. Maneno manne: Umekufa. Rudi nyumbani haraka.

Alhamisi, 8/3
Mvua. Hakuna jibu. Nimepiga nakala sita. Wamekufa mara sita.

Ijumaa, 9/3
Amefika! Juu ya magunia, nguo za raia, amekonda. Akaniuliza mimi mkubwa wake: "Yaya, nilikufa namna gani?" Kishujaa, nikamwambia. Akacheka mpaka Mama akamziba mdomo kwa mkono. Tumemficha chumbani kwa Mama. Halafu Mama akafunga dirisha na kunishika kichwa.

Jumamosi, 10/3
Kweupe, upepo. Gwaride. Majina ya mashujaa yalisomwa kwa micro, kipaza sauti, mji mzima ukasikia. Kwa micro! Mimi nilifikiria karatasi tu.
Kabla sijafika nyumbani Bulengera matanga yalikuwa yamekwisha kuanza kwetu. Mikeka, maharagwe, kwaya. Jirani yetu Mama Kyakimwa na fungu la kuni kichwani akaniambia: "Pole, Hulda. Kijana mupole vile! Hata kuku alikuwa anaogopa kuchinja. Kumbe simba!"
Mama katikati, macho makavu. Watu wanasema ni mshtuko. Akaninong'oneza: akilia atamdanganya Mungu, na yeye hawezi. Chumbani Sadrack amekula sahani mbili za matanga yake, akaanza kukoroma. Mama ameomba kwaya iimbe kwa nguvu zaidi.

Jumapili, 11/3
Mawingu, hakuna mvua. Baada ya ibada Komanda mwenyewe amekuja, na askari kumi na wawili, magwanda yamepigwa pasi. Akampigia Mama saluti. "Mama, tangu leo weye ni mama ya batayo yote." Laiti angeondoka hapo!
Hapana. Gazeti lake linasema para haachi maiti ya mwenzake. "Donc kesho saa kumi na mbili ya asubuhi camion ya batayo inaenda Kirumba. Tutamufukua, tutamuleta, tutamuzika hapa na risasi tatu juu. Secrétaire ataonyesha kaburi. Yee ndiye aliandika fasi."
Makofi! Mama Kyakimwa ameshukuru kwa magoti.
Nikasema kaburi ni la haraka, mvua zimekuwa nyingi, alama zimepotea. Akanipiga begani kama askari. "Tutachimba mpaka tumupate."
Chumbani Sadrack akasema: watachimba, watakosa, watachoka, basi.
"Hapana," Mama akasema. "Amekwisha kusema mbele ya batu. Kaburi isipokuwa na mutu, atatafuta mutu wa kutia." Akaniangalia mimi, si Sadrack.
Halafu akatoka uani, akakaa kwenye mkeka, akalia. Kwa sauti, mikono juu ya kichwa. Nikasikia wanawake: afadhali, sasa amekubali.
Sadrack anafunga viatu, anafungua, anafunga tena. Njia ya Beni ina barieri, msitu hauna njia. Bado hajaamua. Nami sijui nimwambie nini. Mama bado analia. Saa nane na nusu ya usiku. Nalala.