Mlumbi wa Zahanati

Majengo, Mpanda

Mama yangu,

Shikamoo. Goti limepoa? Mpunga mmeshavuna, au ng'ombe wa watu wamewatangulia tena? Mimi mwili ni mzima, nyie ndio nawawaza. Nimeona niandike maana haya kwenye simu siyawezi, nitaishia kulia.

Hapa zahanati ninapofagia, daktari ananiita mlumbi. Nikamuuliza ndiyo nini, akasema ni mtu anayezungumza lugha nyingi. Basi nilivyovimba kichwa, mama! Kipimbwe chako, Kifipa cha bibi, Kisukuma cha wafugaji wa hapo kwetu, na Kirundi nilichookota sokoni. Mgonjwa asiyejua Kiswahili akiingia, naacha ufagio nakwenda kutafsiri.

Mwezi uliopita alikuja mzee wa Kisukuma na mke wa mwanawe, binti mdogo tu, mimba kubwa. Daktari akasema, "Mwambie akiona damu, hata tone, asikae nyumbani. Arudi siku hiyohiyo."

Sasa mama, damu ya mwanamke ningeitajaje mbele ya baba mkwe wake? Wewe ndiye uliyenifunza. Nikamwambia kwa Kisukuma, "Ukijisikia vibaya, urudi." Nilitaka baadaye nimvute pembeni nimweleze vizuri. Nikaitwa kufuta matapishi, kutoka nakuta wameshaondoka.

Damu ilimtoka siku mbili. Akawa anaificha, anasema amechoka tu. Amekufa, mama, na mtoto tumboni.

Juzi mzee karudi. Kanishika mikono yote miwili, ananishukuru, eti mimi ndiye niliyeongea nao kama watu. Akaomba nimuulize daktari, wao kama familia walikosea wapi. Nikauliza.

Daktari akanijibu, "Kwani hukuwaambia warudi wakiona damu? Mbona hawakumleta?"

Wote wawili wakawa wananitazama mimi.

Mzee nikamwambia, "Daktari anasema ni mapenzi ya Mungu." Daktari nikamwambia, "Mzee anasema walipuuza." Daktari akasonya. Mzee akainamisha kichwa, akamshukuru.

Hakuna wa kunisuta, maana mle ndani aliyesikia pande zote ni mimi tu. Kwa padri nimefika mlangoni mara mbili, nikageuza. Leo asubuhi wameniita tena kwa mama mmoja Mrundi, na nimekwenda. Najichukia, mama.

Nisalimie shangazi, na baba mdogo fundi baiskeli. Kaka akikuuliza nimeandika nini, mwambie ni salamu tu.

Mwanao,
Restituta