Maelezo Kuhusu Mota ya Cherehani Isiyofika

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituo cha polisi, meza ya upelelezi, tarehe 20 mwezi wa tatu, mchana

Jina: limeandikwa katika kitabu cha kituo. Mtaani naitwa Mzee Herufi.
Umri: miaka sabini na mmoja.
Kazi: mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji, sasa nimestaafu.
Makazi: ghorofa ya tatu, jengo lililo nyuma ya soko la nguo. Si mzaliwa wa mji huu. Nimeishi hapa kama mkimbizi kwa miaka thelathini na nne.

Nimeelezwa na askari kwamba nikisema uongo nitashitakiwa. Nimemwambia nimeelewa. Ameniomba niseme kwa ufupi na nitajitahidi.

Mke wangu ni fundi cherehani na majirani humwita Mama Pindo. Cherehani yake ni ya kukanyaga kwa miguu. Mwezi wa kwanza daktari alimpiga marufuku kukanyaga kwa sababu ya magoti. Wakati huo alikuwa ameshakata vitambaa vya makoti ya wanafunzi wa uuguzi, na mkuu wa chuo alikwisha kumwambia kwamba akichelewa atavichukua na kumpa fundi mwingine. Fundi wa mashine alituambia kwamba cherehani hiyo inaweza kufungwa mota ndogo ya umeme, na mguu ukabaki na kazi ya kugusa tu.

Mnamo tarehe 2 mwezi huu niliagiza mota hiyo kwa simu kutoka duka la mtandaoni lenye ofisi karibu na kituo cha mafuta. Nililipa yote siku hiyo. Sikuwa na akiba ya kununua nyingine.

Mnamo tarehe 9, siku ya Ijumaa, jioni, nilipigiwa simu na kijana wa pikipiki anayesambaza mizigo ya duka hilo, ambaye wenzake humwita Breki. Namfahamu, aliwahi kutuletea taa na pasi. Alisema, "Shikamoo mzee wangu. Mzigo wako bado haujashuka kwenye gari kubwa, ila ofisi wananibana nifunge kazi zote za leo. Nisomee ile namba, kesho asubuhi nakuletea mpaka mlangoni."

Kwa utaratibu wa duka hilo, mteja hutumiwa namba kwenye simu na humsomea mletaji anapokabidhiwa mzigo. Namba hiyo ndiyo sahihi yake. Nilimsomea.

Askari ameniuliza kwa nini mtu mzima, tena aliyesoma, anatoa sahihi kabla ya kupokea. Jibu langu ni hili. Katika kambi ya kwanza iliyotupokea, tulitia dole gumba kwanza, kisha tukapanga foleni ya unga, mafuta au blanketi. Siku nyingine gari lilichelewa na siku nyingine halikuja kabisa, na dole lilikuwa limeshatiwa. Kambi ya pili ilikuwa vivyo hivyo. Hata karatasi za kuishi mjini humu nilizisaini kwanza, nikazipata baada ya miaka miwili. Niliacha zamani sana kuushangaa mpangilio huo. Breki alipoomba namba, vidole vyangu vilikuwa vimeshafungua simu kabla kichwa hakijasema neno. Naamini mtu aliyezaliwa hapa angemwambia alete mzigo kwanza.

Kesho yake Breki hakuja. Nilipompigia alisema ameulizia stoo na kuambiwa asubiri. Jumatatu nilikwenda ofisini peke yangu. Dada wa kaunta alinisaidia kuomba kurudishiwa fedha zangu. Siku tatu baadaye nilipata ujumbe: ombi limekataliwa, mteja alithibitisha kupokea.

Leo asubuhi nilirudi pale na mke wangu. Ofisi ni chumba kimoja chenye kaunta ya mbao, mizani ya kupimia mizigo, na mlango wa chuma wa kuingilia stoo. Mama Pindo alimuuliza dada wa kaunta mota yake iko wapi.

Dada alisema, "Mama, mfumo unaonyesha mmeshapokea."

Mke wangu akamjibu, "Basi uite huo mfumo uje ushone."

Watu wawili waliokuwa nyuma yetu walicheka. Meneja alitoka ndani. Hakucheka.

"Bibi, usinipandishie sauti ofisini kwangu."

"Haijapanda, mwanangu. Wewe umezoea wanaonong'ona."

Meneja alinigeukia mimi. Alisema, "Mzee, ninyi wageni mmezoea vya bure. Mnapokea, halafu mnarudi kudai tena." Nilimjibu kwamba fedha za mota anazo yeye tangu tarehe 2.

Wakati huo Breki aliingia kuchukua mizigo, kofia ngumu ikiwa mkononi. Meneja alimnyooshea kidole na kutuambia, "Mwizi wenu huyu hapa."

Breki alisema, "Bosi, si wewe uliyeniambia nifunge?"

"Mimi? Nimekwambia lini?"

"Ijumaa! Ulikuwa umesimama hapo kwenye mizani, ukasema nisipofunga nisirudi kazini!"

Meneja alimkaba ukosi wa koti la mvua hadi zipu ikakatika. Niliona kwa macho yangu kwamba ni meneja aliyeanza kumshika mwenzake. Breki hakurusha mkono. Meneja ndiye aliyepiga simu polisi, na Breki akachukuliwa kwa tuhuma ya wizi. Hivi ninavyozungumza yuko mahabusu.

Tukiwa tunasubiri ukumbini hapa kituoni, meneja alikuja kuketi karibu nami, akanipa chupa ya maji. Aliniita baba kwa mara ya kwanza. Alisema, "Baba, tuyamalize. Wewe sema tu kwamba namba hukumpa, aliiba mwenyewe kwenye simu yako. Fedha zako zinarudi leo hii. Sisi tutamkata yeye kwenye mshahara."

Maji sikuyafungua.

Mke wangu alikuwa amesikia. Alisema, "Sema hivyo twende zetu."

Nilimwambia, "Mama, namba nilimpa."

"Ulimpa kijinga, sasa iondoe kwa akili."

"Na kijana?"

"Kijana ana magoti mazima." Kisha akaniuliza kama uaminifu wangu ndio utakaomkanyagia cherehani, akanipa mgongo. Tumeishi pamoja miaka arobaini na sita na tumevuka mipaka miwili, sikuwahi kuuona mgongo wake mgumu namna ile. Hilo si ushahidi, lakini nimeambiwa niseme yote.

Kwa hiyo naomba yaandikwe yote mawili, lisiachwe hata moja. Namba nilitoa. Mota sikupokea. Tena Breki alisema mzigo haujashuka kwenye gari kabla sijamsomea tarakimu hata moja, na neno hilo naomba liandikwe kama alivyolisema. Aliyeichukua mota simjui na sitamtaja mtu ambaye sikumwona. Ninadai fedha zangu kutoka kwa duka nililolilipa. Sizitaki kutoka kwenye mshahara wa kijana huyu.

Niliyoyaona na kuyasikia yameishia hapo, na nimeyasema kwa hiari yangu.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya askari mwandishi: Shahidi ameyasoma mwenyewe kwa miwani, amesahihisha mahali pawili na kuweka sahihi mbele yangu. Baada ya hapo nimemtaka mlalamikaji, yaani meneja, afungue stoo ya ofisi yake mbele ya polisi leo hii. Amedai ufunguo umepotea. Nimeagiza fundi wa makufuli aitwe. Mke wa shahidi, aliyekuwa kwenye benchi la nje na aliyekataa kumsemesha mumewe alipotoka, amesikia agizo hilo. Amesimama, amejifunga kanga upya, na kusema yeye anatangulia huko stoo.