Rupia za Kiriba

Jumanne, baada ya Isha

Usingizi hauji. Tangu noti zianze kupoteza thamani nimekuwa nikinunua rupia za zamani za Mjerumani kwa kilo, maana zile ni madini ya fedha tupu, na madini hayaozi. Leo Magesa, mmoja wa wanaoniuzia, kaniletea mfuko mzima kutoka Kiriba. Zilikuwa zimejaa udongo. Nikazimwaga kwenye beseni uani nizioshe.

Jirani yangu Bibi Nyangeta akaja kuomba chumvi. Akainama, akaokota moja yenye matundu mawili, akaigeuzageuza.

"Hii umeitoa wapi, Mama Zaituni?"

"Nimenunua, bibi."

"Ni ya mkufu wa mama yangu. Nilikuwaga naichezea nikiwa mapajani kwake. Tulimzika nao shingoni."

Mikono yangu ilikuwa bado ndani ya maji yale.

Nikamwambia azichukue zote, sitaki hata senti. Akakataa. Kitu cha kaburini hakiingii nyumbani kwake. Akauliza nani kaniuzia. Nikamtaja Magesa, naye akakaa chini palepale.

"Huyo ni mjukuu wa mama yangu huyohuyo. Ndiye aliyetuambia kaburi limefukuliwa na fisi."

Kesho tunakwenda wote Kiriba kuzifukia. Nimemwahidi, na nitakwenda.

Lakini chini ya kitanda hiki kuna sanduku la rupia nyingine, za Bunda na za Mugango. Sikuwahi kumuuliza mtu zimetoka wapi. Sijui ni za shingo ya nani, na miaka yote hii nimezilalia.