Utando wa Maziwa ya Bibi Harusi

4 Mei

Mke mwenzangu, mjukuu wangu,

Hujambo wewe na huo mji wako? Mimi nipo. Magoti yananisema, lakini sijayapa nafasi.

Mashine ya kukatia majani imefika! Dereva aliishusha, na jirani zangu wote ghafla wakaishiwa chumvi, kila mmoja kaja kuomba, kumbe wanachungulia. Nikaiwasha. Weee! Ilinguruma kuku wakahama uani. Majani yanatoka laini kama ugoro!

Mimi nayapitisha mara mbili, kisha nayakoroga na pumba na maji yawe uji. Meno yameniisha, najua adha ya kutafuna. Bibi Harusi wangu hatateseka kama mimi. Anameza tu, anajifuta pua kwa ulimi, anangoja ndoo nyingine. Wewe umewahi kuona ng'ombe anayedekezwa hivyo?

Nijibu upesi, usiniletee uvivu wa mjini.

Bibi yako

27 Mei

We mtoto,

U mzima? Haya. Kama ni mzima, mbona kimya? Au kiwanda chenu cha chakula cha mifugo kimekula na mikono yako?

Kituo cha maziwa wamenivua nguo. Yule mpima maziwa, aliyekuwa akiwaambia watu waje waone maziwa ya bibi huyu, amefungua ndoo yangu, akapima, akatikisa kichwa. "Mafuta hayapo, bibi. Haya mepesi mno." Kisha, mbele ya foleni nzima, akasema, "Ndiyo hivyo, mgema akisifiwa..." Hakumalizia. Foleni ilimmalizia kwa kicheko.

Mimi nitie maji? Mimi ninayeianika ndoo kifudifudi juani nisiache hata tone? Nilimwambia maji atatia mama mkwe wake. Lakini nilirudi nyumbani nimeinama.

Kamati ya kituo inakaa mwisho wa mwezi ujao. Mafuta yasiporudi, ndoo yangu haipokelewi tena, na jina langu litabaki pale langoni kila mtu analitemea mate. Na tatizo ni kwamba hakusema uongo. Nikiyachemsha, utando unakuja mwembamba kama pazia la maskini. Nashuku kijicho cha jirani.

Bibi yako, mwenye hasira

2 Juni

Shikamoo bibi,

Natumaini magoti bado umeyanyamazisha. Mimi mzima kabisa. Nisamehe, nilitumwa mashambani kuwafundisha wafugaji, na niliporudi nikazikuta barua zako zote mbili mezani. Nilipozisoma niliruka, mwenzangu wa mizani akamwaga mashudu. Bibi, hakuna kijicho! Nimejua!

Nenda ukamtazame Bibi Harusi akishalala baada ya kula. Anacheua? Ng'ombe hula mara mbili: humeza, kisha huyarudisha majani mdomoni akayatafuna polepole. Kule kucheua ndiko kunakoleta mate, mate yanalituliza tumbo, na tumbo likitulia ndipo majani yanapogeuka mafuta ya maziwa. Uji hauna cha kurudisha, unapita tu.

Kilegeze kisu cha mashine, majani yatoke marefu, upana wa vidole vitatu. Asubuhi umpe majani makavu kwanza, pumba baadaye, tena kidogo. Maji anywe pembeni, usikoroge. Fanya hivyo kila siku bila kuruka, na kabla kamati haijakaa utaona. Tafadhali bibi, usibishane nami kwa mara hii moja tu!

Mjukuu wako, mke mwenzio

11 Juni

Wewe niliyekupokea kwa mikono hii,

Sijambo, ila umeniudhi. Leo wewe wa kunifundisha mimi kulisha? Mama yako nilimkuza kwa uji, akaota mashavu hadi macho yakapotea! Vidole vitatu! Watu waseme bibi kizee ana mashine ya umeme na bado anakata kama panga butu?

Nilikwenda kumtazama. Si kwa sababu umesema, nilikuwa napita. Amelala, mdomo kimya, kama mgeni aliyenyimwa kiti. Nikakaa kwenye kinu. Nikakaa weee. Hakutafuna hata unyasi. Nikainua kichwa, ng'ombe wa jirani ng'ambo ya ua taya linakwenda kama cherehani.

Nimelegeza kisu. Usicheke.

Bibi

1 Julai

Mke mwenzangu! Mke mwenzangu!

Salamu jisalimie mwenyewe, leo sina nafasi!

Jana kamati ilikaa. Nilikwenda na ndoo, sufuria na jiko langu la mafuta ya taa kichwani, nikapita katikati ya foleni bila kumwambia mtu samahani. Mpima akapima. Akakifuta kile kidude chake, akapima tena. Nikamwambia, "Usihangaike, baba. Chemsha." Mwenyekiti naye akasema chemsha, bibi aridhike.

Utando ukaja! Mnene, wa njano, unakunjika kama blanketi! Mwenyekiti akaunyanyua kwa kijiko, kijiko kikatetemeka, na foleni ikapiga vigelegele. Nikamgeukia mpima: "Ile methali yako uliiacha njiani. Imalizie." Akatazama viatu. "Basi, kama huna maneno, una mikono. Beba ndoo." Akabeba mpaka ndani, kila mtu anaona. Huko ndani akaniambia kwa sauti ndogo, "Nimekukosea, bibi." Nikamwambia arudi akaseme nje. Akatoka, akasema.

Sasa wananijia na mashine zao niwaonyeshe pa kulegeza kisu. Nimewaambia ni akili yangu mwenyewe. Ukija usinikanushe, utalala kwa kuku.

Ninakuandikia nikiwa kwenye kinu, bandani. Bibi Harusi amelala hapa mbele, macho nusu, anacheua. Donge linapanda shingoni, analitafuna, analishusha, linapanda lingine. Nilidhani namwondolea adha, kumbe nilikuwa nimemnyang'anya raha yake. Usimwambie mtu, lakini nimejishika taya langu hili lisilo na meno nikakuta nalo linamfuatisha.

Njoo uone.

Bibi yako