Profesa amesema ukumbi ubomolewe

Mwiti, mkutano wa bodi ya shule umemalizika sasa hivi na bado nimeketi kitini. Amesema ubomolewe. Profesa mwenyewe!

Ndiyo, Profesa Valadas, yule mama Mreno aliyechora ramani ya ukumbi wetu na kutufundisha uchoraji. Nilimtafuta hadi Lisbon, nikamleta Garissa ili aseme neno moja la kuuokoa.

Aliingia kwa mkongojo, akazitazama kuta. Unakumbuka matundu yale, upepo ukipita humo mchana kutwa? Yote yalizibwa kwa saruji kwa ajili ya usalama. Ndani ni tanuri.

Akamwuliza Salah, kiranja mkuu, "Mnakaa humu?"

"Hapana, madam. Tunakaa nje, kwa kivuli ya tangi la maji."

"Basi huu si ukumbi wangu tena. Bomoeni, mjenge mwingine unaopumua."

Nilidhani sikusikia vyema. Nikamwomba arudie, mbele ya bodi nzima.

"Bomoeni, Musembi."

Nuh, mwenyekiti, alicheka hadi kofia ikamwanguka, akasema kwa lafudhi yake ya Kisomali, "Walaal, ndugu yangu, huyu shahidi si ni wako wewe? Haya, tubige kura!"

Profesa hakucheka. Akanigeukia kama zamani darasani. "Wewe ungeweza kusoma humu saa saba mchana?"

Mimi, niliyeapa mbele ya wenzetu wote kwamba hata jiwe moja la ukumbi halitaguswa. Nikasimama, nikajibu, "Hapana, Profesa."

Kura ikapigwa. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wangu, Mwiti. Sihisi chochote.