Askari Wangu Chini ya Meza

Kitendawili, shoga! Kaondoka akiimba, karudi anaogopa mlango.

Usijisumbue, ni mjukuu wangu yule askari. Leo sina pa kuuficha uso!

Si nilimpigia gwanda pasi, nikawaita majirani sebuleni waje kumsikia shujaa? Mdogo wake wa kike kakaa mbele kabisa, fomu ya kujiunga na jeshi mkononi, kesho anaipeleka. Akauliza, "Kaka, siku ya kwanza vitani ulifanya nini?"

Fundi cherehani akadakia, "Huyo aliwafyeka kama nyasi!" Watu wakacheka.

Mara upepo ukabamiza mlango. Shoga, chini ya meza! Mwanaume mzima na gwanda lake la pasi! Chini ya meza nakwambia, kashika kichwa.

Nikajichekesha, "Anatafuta kifungo." Kifungo gani!

Majirani wakaaga mmoja mmoja. Yule binti akapiga magoti, akaingia naye kule chini. "Kaka, hujanijibu."

Kaka mtu akaitazama ile fomu.

"Nilijikojolea, mdogo wangu. Nikamwita bibi mpaka sauti ikakauka. Na yule niliyempiga risasi, naye alikuwa anamwita bibi yake."